Baba Aliyetoka Nje: Maandiko Yanasema Nini Kuhusu Upendo wa Baba

Jumapili ya tatu ya Juni, ile ya kina baba, tulibaki wanaume kumi na mmoja baada ya ibada katika kanisa letu dogo la mabati huku Nyalenda, Kisumu. Tulikuwa tumemaliza kusali Sala ya Bwana. Kijana mmoja mwendesha boda boda, ambaye huingia kanisani na helmeti mkononi na kuiweka chini ya benchi, akaniambia, "Mwalimu, hii sala mimi huianzia neno la pili."

Nikamwuliza ana maana gani.

"'Baba' hunikwama hapa," akagusa koo. "Baba yangu akipiga hodi mlango wa mbele, sisi watoto tulikuwa tunatokea mlango wa nyuma. Sasa nikiambiwa Mungu ananipenda kama baba, naona heri anipende kama kitu kingine."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinamisha kichwa, akawa anaviringisha ukingo wa kofia yake vidoleni. Nilijua ana mwanawe Nakuru ambaye hawajasemezana miaka mingi. Swali la kijana lilikuwa limemfikia kwa upande wa pili.

Nilijibu kwa mistari mitatu, tukaombeana, tukaenda nyumbani. Lakini jibu langu lilikuwa fupi kuliko swali, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia jikoni, barabarani, na usiku. Upendo wa baba katika Biblia ni jambo tunalolihubiri kana kwamba ni jepesi, na kumbe lina mafundo. Hapa najaribu kuyafungua. Mistari ninayonukuu ni ya Biblia ya Muungano, ile ya 1952, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tuliyoikariri tangu utotoni.

Ubaba unashuka

Fundo la kwanza limo ndani ya neno dogo "kama". Zaburi 103:13 inasema, "Kama vile baba awahurumiavyo watoto wake, ndivyo Bwana anavyowahurumia wamchao." Tukisoma haraka tunadhani Maandiko yanamchukua baba tunayemjua, yanamkuza, kisha yanampandisha mbinguni. Aliyelelewa vizuri hana shida na hesabu hiyo. Kijana wetu akiifanya, anapata fimbo kubwa zaidi.

Paulo anaipitisha njia hiyo kwa upande mwingine. Katika Waefeso 3:14-15 anasema anampigia Baba magoti, "ambaye kwa jina lake ubaba wote wa mbinguni na wa duniani unaitwa." Ubaba unaanzia kwa Mungu na kushuka. Mwanamume anayeitwa baba hapa duniani amekopeshwa jina. Mkopaji anaweza kulichafua, hilo tunaliona kila siku, lakini mwenye jina hajabadilika.

Nabii Hosea alikuwa ameshafika huko katika karne ya nane kabla ya Kristo. Sura yake ya 11 ni baba anayekumbuka. Alimpenda Israeli alipokuwa mtoto, akamwita kutoka Misri, akamfundisha Efraimu, yaani Israeli huyo huyo, kwenda, akamchukua mikononi. Nani kati yetu hajamwona mzazi ameinama nyuma ya mtoto wa mwaka mmoja, amemshika mikono miwili juu, wanatembea wote wawili kwa miguu ya bata? Hicho ndicho anachokisema Mungu kujihusu. Kisha mtoto akakua, akakimbia. Waisraeli walijua sheria ya Kumbukumbu 21:18-21 kuhusu mwana mkaidi: wazazi wampeleke kwa wazee langoni, apigwe mawe. Hosea anatufikisha karibu kabisa na hukumu ya namna hiyo, halafu Mungu anasita. Anauliza atamwachaje Efraimu, moyo wake unageuka ndani yake. Na sababu anayoitoa ya kutomwangamiza iko katika mstari wa 9: "kwa maana mimi ni Mungu, wala si mwanadamu." Neno la Kiebrania hapo, ish, ndilo pia linalotumika kwa mwanamume. Kijana wetu alikuwa anaomba Mungu asifanane na baba yake. Hosea anamwonyesha kwamba Mungu mwenyewe alikuwa amekwisha kulisema hilo.

Na ile "huruma" ya Zaburi 103 ina siri yake. Kwa Kiebrania ni kitenzi kilichotoka katika mzizi mmoja na neno rehemu, maana yake tumbo la uzazi. Sisi Waswahili hatuna haja ya kwenda mbali, kwa sababu neno letu "rehema", tulilolipata kwa Waarabu, ni la ukoo huo huo. Mwandishi wa zaburi, alipotaka kueleza anachokihisi baba, alikwenda kuazima neno kutoka kwenye mwili wa mama. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kumwita Mungu Baba ni kumfanya dume, namwomba asome zaburi hiyo, kisha aende Isaya 66:13, ambapo Mungu anasema atawafariji watu wake kama mtu ambaye mama yake amfariji.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo sitaki kuliruka. Waluo husali "Wuonwa manie polo". Wuon ni baba, na wuon ni mwenyewe, mwenye kitu: wuon ot ni mwenye nyumba, wuon dala ni mwenye boma. Ni neno zito na zuri. Lakini limewafanya wengi wetu tuisikie sauti ya mwenye mali kabla hatujaisikia sauti ya mzazi. Baba ndiye mwenye kila kilicho ndani ya ua, watoto wakiwemo. Ndipo Yesu anapokuja na hadithi ya mwenye boma mmoja aliyeufanyia umiliki wake jambo la ajabu.

Mwenye boma akimbiaye

Luka 15:11-32 hauhitaji maelezo marefu huku magharibi mwa Kenya, kwa sababu unaanza na ugawaji wa mali ya baba. Vihiga wanaishi watu zaidi ya elfu moja katika kila kilomita moja ya mraba. Kuna mashamba huko ambayo mpaka wake ni mstari mmoja wa migomba. Mtu wa Vihiga akisikia "Baba, nipe sehemu ya mali inayoniangukia", hauliza maswali. Amekwisha kuuona ugomvi huo, pengine mazishi yake pia.

Kwa Waluo kijana hajitengi peke yake. Siku ya goyo dala, yaani kuanzisha boma jipya, baba hutoka naye alfajiri kwenda kwenye ardhi mpya, pamoja na jogoo, shoka na moto, na baba ndiye anayeonyesha mahali nyumba itakaposimama. Kijana anayedai fungu lake kabla ya baba kumwonyesha amemzika mzee akiwa hai. Wayahudi walihisi vivyo hivyo. Yoshua bin Sira, katika kitabu kilichomo ndani ya Biblia ya Wakatoliki, sura ya 33, anamwonya mtu asimpe mwanawe wala ndugu yake mali wakati bado yu hai, kwa kuwa ni heri watoto wakuombe wewe kuliko wewe kutazamia mikono yao. Kumbukumbu 21:17 iliweka kiasi: mzaliwa wa kwanza apate mafungu mawili. Wana wakiwa wawili, mdogo alikuwa anadai theluthi moja.

Baba akawagawia. Hapa wahubiri wengi hupita mbio kwenda kwa nguruwe, na mimi naona tusimame kidogo. Katika sura hiyo hiyo ya 15 kuna hadithi mbili kabla ya hii. Kondoo anapotea, mchungaji anamfuata mpaka anampata. Shilingi inapotea, mwanamke anawasha taa na kufagia nyumba nzima. Mwana anapotea, na hakuna anayemfuata. Kwa nini? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na jibu ninaloliamini ni kwamba kondoo hakuamua kupotea, na shilingi haina akili. Mwana aliondoka kwa miguu yake na kwa maneno yake. Baba huyu hakumfungia mlango asitoke, wala hakumfuata nchi ya mbali amkokote. Kuna upendo unaoshika, na kuna upendo unaoachilia huku umeumia. Maandiko yanamhesabia baba vyote viwili.

Kisha mstari wa 20: "Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma, akaenda mbio akamwangukia shingoni, akambusu sana." Kumwona mtu angali mbali kunamtaka aliyekuwa akitazama. Neno la Kigiriki la "akamwonea huruma" limetokana na matumbo. Mambo yalimshika ndani, pale tunaposema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Halafu mbio. Fikiria mzee wa makamo ya babu yako, mwenye fimbo na heshima zake, akikunja kanzu na kukimbia mbele ya majirani. Mzee huku kwetu hakimbii. Akikimbia, nyumba inaungua au mtu amekufa. Bin Sira naye, sura ya 19, anasema mwendo wa mtu hueleza alivyo. Mzee huyu aliiweka heshima yake chini njiani ili amfikie mwanawe kabla kijiji hakijamfikia.

Mwana alikuwa na hotuba. Aliitunga kule kwa nguruwe, katika mstari wa 18 na 19, ikiishia na maneno "nifanye kama mmoja wa watumishi wako." Linganisha na mstari wa 21, utaona haikumalizika. Aliungama kosa, alisema hastahili kuitwa mwana, na kabla hajafika kwenye utumishi baba alikuwa ameshawageukia watumwa: leteni vazi lililo bora, pete, viatu, ndama aliyenona. Msamaha haukungojea hotuba iishe. Na kazi ya utumishi haikuwa na nafasi katika nyumba ile kwa mtu aliyezaliwa humo.

Lakini baba huyu alitoka mara mbili, na mara ya pili hatuikumbuki. Mwana mkubwa alikuja kutoka shambani, akasikia ngoma, akakasirika, akakataa kuingia. Mstari wa 28 unasema baba yake akatoka nje, akamsihi. Kutoka nje wakati wageni wako mezani, ukamsihi mwanao anayekutia aibu mlangoni! Na kijana anamjibu vikali, bila hata kumwita baba: miaka yote hii nimekutumikia, hujanipa hata mwana-mbuzi. Hakuwahi kuondoka nyumbani, na bado alikuwa ameishi humo kama mwajiriwa anayengoja mshahara. Wako wengi hivyo makanisani mwetu, na ninasema hivi kwa upendo, kwa kuwa miaka mingi nilikuwa mmoja wao. Jibu la baba ni la upole mno: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako."

Kwa hiyo nikitakiwa kueleza kwa neno moja upendo wa baba katika Maandiko, nitasema ni kutoka. Baba anaacha kiti chake, anatoka, anamwendea mtoto pale alipo, awe ananuka nguruwe au ananuna mlangoni.

Mfalme aliyetamani kutoka

Ukitaka kuona uzito wa mbio zile, soma habari za Daudi na Absalomu, 2 Samweli sura ya 13 hadi 18. Amnoni, mwana wa Daudi, alimnajisi dada yake Tamari. Daudi aliposikia alikasirika sana, na hatuambiwi kwamba alifanya lolote. Hakumwadhibu Amnoni. Hakuna mstari unaosema alikwenda kumwona Tamari. Miaka miwili baadaye Absalomu, ndugu yake Tamari, akamwua Amnoni na kukimbilia Geshuri, akakaa huko miaka mitatu. Na 13:39 inasema mfalme Daudi alitamani kumwendea Absalomu.

Alitamani. Hakwenda.

Yoabu, mkuu wa jeshi la Daudi, ndiye aliyefanya hila ya kumtuma mwanamke mwenye akili kutoka Tekoa mpaka mfalme akaruhusu kijana arudishwe. Akarudishwa Yerusalemu, kwa sharti kwamba akae nyumbani kwake na asiuone uso wa mfalme. Akakaa miaka miwili katika mji mmoja na baba yake bila kuuona uso huo. Kijana alipochoka, aliagiza watu wake walichome moto shamba la shayiri la Yoabu ili apate mtu wa kumsikiliza, na maneno aliyoyasema yanachoma mpaka leo: kwa nini nilitolewa Geshuri, ingekuwa heri kwangu kama ningalikuwako huko hata sasa. Mwishoni mfalme akambusu, lakini miaka mitano ilikuwa imepita, na busu lile lilimkuta kijana ambaye moyo wake umekwisha kuhama. Sura inayofuata Absalomu ameketi kando ya lango la mji akiwaiba Waisraeli mioyo yao.

Baba huyu alimpenda mwanawe, na sina shaka hata kidogo. Vita vilipokwisha na habari ya kifo ikafika, alipanda chumba kilicho juu ya lango akilia: "Ee mwanangu Absalomu, mwanangu, mwanangu Absalomu! Laiti ningalikufa mimi badala yako!" Katika mstari huo mmoja neno "mwanangu" limetajwa mara tano. Ninapousoma hadharani sauti yangu hukatika, kwa sababu nimewasikia kina baba wakilia hivyo kwenye matanga, katika maboma ambako kijana hakuwahi kuambiwa neno hilo akiwa hai hata mara moja.

Biblia haifichi kina baba walioshindwa. Yakobo alimshonea Yusufu kanzu na kuwatia wivu ndugu zake kumi. Kuhani Eli alijua uovu wa wanawe, akawaonya kwa maneno tu wala hakuwazuia. Daudi huyo huyo, kwa habari ya mwanawe mwingine Adoniya, anasemwa katika 1 Wafalme 1:6 kwamba hakuwahi kumchukiza kwa kumwuliza, "Mbona umefanya hivi?" Kumnyamazia mtoto kwa hasira na kumnyamazia kwa ulegevu vilikaa ndani ya mwanamume mmoja. Hilo linatupeleka kwenye fimbo.

Kumrudi mtoto

Mithali 13:24 kila mtu anaujua: "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, bali yeye ampendaye humrudi mapema." Wengi tulilelewa chini ya mstari huo, na wapo walioumizwa nao. Sitaki kudanganya hapa kwa kusema fimbo ya Mithali ni picha tu, maana 23:13 inataja kumpiga mtoto waziwazi. Ni kweli pia kwamba neno lile la Kiebrania, shebeti, ndilo lililomo katika Zaburi ya 23 penye "gongo lako", ambalo linamfariji kondoo. Chombo kimoja kilikuwa cha kuongoza, kulinda na kuadhibu.

Kiswahili kinanisaidia kuelewa kuliko kamusi za Kigiriki. Tunasema "kumrudi mtoto", yaani kumwonya na kumtengeneza. Na tunasema "kurudi", yaani kuja tena nyumbani. Kwa sikio langu hilo ni neno moja. Adhabu iliyomfundisha mtoto kutokea mlango wa nyuma haijamrudi; imemfukuza.

Na mitume wanapowageukia kina baba moja kwa moja, angalia wanachowaagiza. Waefeso 6:4, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana. Wakolosai 3:21, msiwachokoze "wasije wakakata tamaa." Fimbo haikutajwa. Maneno hayo yaliandikwa katika dola ya Kirumi, ambamo sheria ilimpa baba mamlaka ya uhai na kifo juu ya watoto wake. Imebaki barua ya mwaka 1 kabla ya Kristo kutoka Misri, ambayo kibarua mmoja aitwaye Hilarion alimwandikia mkewe mjamzito kwa maneno matamu, kisha akamwagiza: akizaliwa wa kiume mwache, akiwa wa kike mtupe. Katika ulimwengu kama huo, kumwambia baba kwamba mtoto ana moyo unaoweza kukata tamaa, na kwamba baba ataulizwa habari ya moyo huo, lilikuwa jambo jipya sana. Paulo mwenyewe, akijiita baba wa Wakorintho, aliwauliza katika barua ya kwanza, 4:21, aje kwao na fimbo au aje katika upendo na roho ya upole. Aliona ni njia mbili, na alitamani ya pili.

Waebrania 12 nayo, sura inayonukuliwa sana juu ya kurudiwa, ina ungamo ndani yake ambalo kina baba tungelipenda lipite kimya. Mstari wa 10 unasema baba zetu waliturudi kwa siku chache kama walivyoona vema wenyewe, bali Mungu kwa faida yetu. Kama walivyoona vema wenyewe! Mwandishi alijua kwamba adhabu nyingi ni hasira ya jioni. Hapa Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na wapo waumini wanaoona serikali imeingilia Neno la Mungu. Mimi sioni hivyo, na nimefundisha watoto muda mrefu.

Samaki, nyoka, na mambo mawili mafupi

Katika Mathayo 7:9-11 Yesu anauliza ni mtu yupi ambaye mwanawe akimwomba mkate atampa jiwe, au akiomba samaki atampa nyoka. Kwa nini samaki na nyoka? Anayeishi kando ya ziwa atapata jibu upesi kuliko aliyesoma vitabu. Pale Dunga, ufuoni hapa Kisumu, wavuvi huvua kamongo, samaki mrefu mwenye mwili wa kujipinda, na wapo watu wasiomgusa kwa sababu anawakumbusha nyoka. Ziwa la Galilaya nalo lina kambare asiye na magamba, ambaye Walawi 11 ilimkataza Myahudi kumla, na wapo wafafanuzi wanaodhani Yesu alikuwa na huyo akilini. Mkate wa kwao ulikuwa wa mviringo, unafanana na jiwe la pwani. Swali basi ni hili: baba atamlaghai mtoto mwenye njaa kwa kitu kinachofanana na alichoomba?

Nilimwona mvuvi mmoja hapo Dunga saa saba mchana, ameketi juu ya ukingo wa mtumbwi, sahani ya samaki wa ngege na ugali magotini. Binti yake wa miaka minne hivi alikuwa amesimama kati ya miguu yake. Kila tonge alilompa alikuwa ameshalibonyeza kwa kidole gumba na kulichungulia, akitafuta miiba. Miiba aliiweka kwenye goti lake, ikajipanga pale kama sindano. Yeye alikula kichwa na mapezi. Hakuwa anafikiria kwamba kuna mtu anamtazama. "Ikiwa ninyi, mlio waovu, mnajua kuwapa watoto wenu vipawa vyema," Yesu anasema, "je! Si zaidi Baba yenu?" Hapa anapanda kutoka chini kwenda juu, ni kweli, lakini kwa ngazi ya "si zaidi". Baba wa duniani ana miiba yake, na bado kimebaki ndani yake kitu alichokopeshwa.

Jambo fupi la kwanza ni Abba, neno la Kiaramu la "baba". Tumehubiriwa sana kwamba ni neno la mtoto mchanga. James Barr, mtaalamu wa lugha za Biblia, alionyesha mwaka 1988 kwamba watu wazima walilitumia kwa baba zao kila siku. Kwetu hilo halipotezi kitu, maana "baba" yetu husemwa na mtoto wa miaka miwili na mzee wa miaka sitini. Yesu alilisema Gethsemane, katika Marko 14:36, akiwa mtu mzima aliyeelemewa.

La pili ni agape. Husemwa kwamba, kati ya maneno ya Kigiriki ya upendo, agape ni upendo wa Mungu na fileo ni wa wanadamu. Yohana hajui mpaka huo: katika 3:35 Baba anampenda Mwana kwa neno la agape, katika 5:20 kwa neno la fileo. Na tafsiri ya kale ya Kigiriki ya 2 Samweli 13 inatumia neno la agape hata kwa tamaa ya Amnoni. Upendo wa baba tuutafute katika anachokifanya.

Aliyekosa baba

Bado kijana wangu ana haki ya kuuliza: na mimi niliyepewa nyoka? Zaburi 27:10 inamjibu bila kumkatalia maumivu: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Maandiko yanakubali kwamba hilo hutokea.

Tena yanampa Yusufu wa Nazareti. Injili zote nne hazikuandika hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Alimpa mtoto jina, Mathayo 1:25, na kwa kumpa jina alimfanya wake ingawa hakumzaa. Mtoto alipobaki Yerusalemu akiwa na miaka kumi na miwili, alitafutwa siku tatu, na Mariamu akamwambia, "Baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni." Baba yako. Paulo naye anaposema katika Wagalatia 4 kwamba tumepokea hali ya kuwa wana, anatumia neno la sheria la wakati wake, lile la kumfanya wako mtu usiyemzaa, ukampa jina na urithi kamili. Augusto mwenyewe aliupata urithi wa Julius Caesar kwa njia hiyo. Wajomba, baba wa kambo na babu wanaolea huku Kakamega na Bungoma wako ndani kabisa ya hadithi ya Biblia. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 53, nayo inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Na kuna sauti ya Yordani. "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye," Mathayo 3:17. Wakati huo Yesu hakuwa amehubiri hata mara moja, wala kumponya mtu. Huku kwetu watoto wengi husikia maneno kama hayo siku matokeo ya mtihani yanapotoka, tena wakiwa wamefaulu.

Nilimpelekea kijana wa boda boda hayo yote kidogo kidogo, Jumapili baada ya Jumapili. Hajaniambia kama sasa anaianza sala kwa neno la kwanza, nami sijamwuliza.

Mzee wa dirishani ndiye aliyenijia katikati ya wiki. Alitaka kujua mstari wa mwisho wa Agano la Kale unasemaje, kwa kuwa aliwahi kuusikia na umemtoka. Nikamsomea Malaki 4:6, kwamba Eliya atageuza mioyo ya baba iwaelekee watoto wao, na mioyo ya watoto iwaelekee baba zao. Kisha nikamfungulia Luka 1:17, ambapo malaika anamrudia Zakaria maneno hayo. Nikamwonyesha kwamba malaika aliichukua nusu ya kwanza tu, mioyo ya baba iwaelekee watoto. Nusu ya watoto hakuitaja.

Akaniomba nimwandikie mistari hiyo kwenye karatasi. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Mwalimu, mtu akimwendea mwanawe wa miaka thelathini na minne, hubeba nini?"

Nilimwambia sijui. Alhamisi asubuhi nilimkuta stendi, amekaa dirishani ndani ya matatu ya Nakuru. Hakuwa amempigia kijana simu. Magotini alikuwa amepakata ngege wawili wa kukaanga, wamefungwa kwenye gazeti, na mafuta yameanza kupenya.